Saa za Kumwona Mtoto

Mwaka 1949, mzazi wa London ambaye mtoto wake amelazwa alipaswa kukariri siku na saa. Hospitali ya Guy's ilimruhusu Jumapili, saa nane hadi saa kumi alasiri. St Bartholomew's ilimpa Jumatano, saa nane hadi saa tisa na nusu. Charing Cross ilimpa muda wa saa moja tu, Jumapili. St Thomas's ilimkataza mwezi mzima wa kwanza, ila angeweza kufika kati ya saa moja na saa mbili usiku amtazame mwanawe akiwa usingizini. London Hospital haikutaka kabisa mtoto wa chini ya miaka mitatu atembelewe, na mzazi alimwona kwa mbali, nyuma ya kizuizi. West London haikuruhusu mtu yeyote.

Orodha hiyo niliisoma kwenye simu usiku, nimekaa juu ya kanga niliyoitandika sakafuni kando ya kitanda cha mwanangu. Alikuwa na miaka mitatu. Usaha ulikuwa umeingia kwenye mfupa wa paja, akapasuliwa, kisha dawa za mshipa zikaendelea wiki baada ya wiki katika wodi ya watoto ya hospitali ya rufaa, mbali na kwetu. Ninafundisha historia sekondari, na historia ndiyo njia yangu ya kushika jambo linaloniumiza. Nilitaka kujua ni nani aliyesema mama atoke nje, alikuwa na sababu gani, na nani alimjibu.

Hospitali ya kwanza ya watoto nchini Uingereza, ile ya Great Ormond Street, ilifunguliwa London Februari 1852 na Daktari Charles West, ikiwa na vitanda 10. Karibu karne nzima baada ya hapo, wodi za watoto ziliishi na hofu ya kweli. Dondakoo na surua viliweza kuingia na mgeni mmoja vikaacha vitanda vitupu. Penisilini haikuwa imefika. Ilianza kupatikana kwa wingi miaka ya 1940. Mtu aliyefunga mlango wakati huo alikuwa anajaribu kuokoa watoto, na sitamlaumu.

Lakini ilikuwepo sababu ya pili, nayo ilidumu hata dawa zilipopatikana. Mtoto alilia mama alipoingia, akalia zaidi alipotoka. Mama asipokuja, mtoto alilia siku mbili tatu, kisha akanyamaza. Akala, akakubali kuogeshwa, akamchekea kila sista aliyepita. Wodi ikasema ametulia, na mama akaonekana kuwa ndiye anayeleta fujo.

Aliyeuchunguza ukimya huo alikuwa James Robertson, mtu wa Rutherglen karibu na Glasgow. Hakuwa daktari. Wakati wa Vita vya Pili alitunza boila katika makao ya watoto yaliyoendeshwa na Anna Freud huko Hampstead, ambako mkewe Joyce aliwalea watoto waliotenganishwa na wazazi wao. Mwaka 1948 alijiunga na daktari wa akili John Bowlby katika Kliniki ya Tavistock, akapewa kazi ya kukaa wodini na kutazama watoto wadogo. Alitazama muda mrefu kuliko muuguzi yeyote mwenye kazi nyingi angeweza, akaona hatua tatu. Kwanza mtoto hupinga: analia, anatikisa kitanda, anamtafuta mama kila mlango unapofunguka. Kisha hukata tamaa, akawa mnyonge na mkimya. Mwisho hujitenga: anacheza, anakula, na mama akija anamtazama kama mtu asiyemjua. Hatua hii ya tatu ndiyo wodi ilikuwa ikiiita kutulia.

Maneno yake hayakusikilizwa, akanunua kamera. Filamu aliyoitoa mwaka 1952 inamfuata Laura, mtoto wa miaka miwili na miezi mitano, kwa siku nane alizolazwa kupasuliwa henia ya kitovu. Laura alipatikana kwa bahati tu kutoka kwenye orodha ya waliongoja kulazwa, na Robertson alipiga picha kwa saa zilizopangwa, saa ya ukutani ikionekana, ili asiambiwe amechagua vipande vya kilio. Laura kwa kweli halii sana. Anajizuia. Ana dubu wake na blanketi lake, anavikumbatia, uso unamkunjamana kisha anaunyoosha tena. Filamu haina sauti. Novemba mwaka huo ilipoonyeshwa mbele ya madaktari wa Royal Society of Medicine, wengi walikasirika, wakaona kazi yao imetukanwa. Nafikiri walikasirika kwa sababu kila mmoja wao alikuwa ameshawahi kumwona mtoto wa namna ile na kumpita.

Nami nilimwona mtoto wa namna ile. Kitanda cha pili kutoka kwetu alilala mtoto mdogo kuliko wangu, ambaye mama yake alilazimika kurudi kijijini kwa wengine aliowaacha. Siku za mwanzo mtoto alisimama akishika vyuma vya kitanda na kuita mpaka sauti ikakauka. Akina mama wa wodi tulimbeba kwa zamu, tukamnywesha uji. Baadaye akawa mtoto wa wote, mwenye kunyoosha mikono kwa yeyote, na wageni wakamsifu kwa uchangamfu. Mama yake aliporudi na kapu lake, akiwa bado na vumbi la safari miguuni, mtoto alimtazama, akageuza uso kwa ukuta. Mama alidhani mwanawe amepoteza akili. Nilikaa naye nikamweleza hatua za Robertson kwa maneno ya kawaida: hajakusahau, anakuuliza ulikuwa wapi, endelea kukaa. Ilimchukua mtoto siku kadhaa kumrudia, na alipomrudia hakutaka kushuka mgongoni.

Hoja ya maambukizo nayo ilikuwa imeshajibiwa mapema, ila kwa mbali. Huko Newcastle, daktari James Spence aliwalaza akina mama pamoja na watoto wao katika hospitali yake ya watoto wachanga tangu miaka ya 1920. New Zealand, mke na mume wapasuaji, Cecily na Henry Pickerill, walimweka kila mama na mtoto wake aliyepasuliwa mdomo au kaakaa, mama peke yake akimlisha na kumwogesha. Walifanya hivyo hasa ili kuzuia maambukizo. Mikono ya mama mmoja kwa mtoto mmoja ilibeba vijidudu vichache kuliko mikono ya muuguzi mmoja kwa watoto ishirini. Nililisoma hilo mara kadhaa, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa zaidi ya mara moja kwamba sisi ndio tunaoleta uchafu.

Baadhi ya waliokasirika mwaka 1952 walibadilika. Dermod MacCarthy, daktari wa watoto wa Amersham, alirudi kwenye wodi yake, akaanza kuona alichoonyeshwa, akawakaribisha akina mama walale. Robertson akatengeneza filamu nyingine huko, mwaka 1958, safari hii ya mtoto aliyelazwa na mama yake. Mwaka 1959 kamati ya serikali chini ya Sir Harry Platt ilipendekeza wazazi wawaone watoto bila kuwekewa saa, na akina mama wa watoto wadogo walale hospitalini. Mapendekezo hayakufungua milango yenyewe. Mwaka 1961 wazazi wa London, wengi wao akina mama, waliunda chama, wakapita hospitali moja baada ya nyingine wakiuliza kwa nini mapendekezo hayajatekelezwa. Iliwachukua miaka mingi.

Huku kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda njia nyingine. Hospitali za serikali za wakati wa ukoloni zilijengwa kwa mfano wa Waingereza, pamoja na wodi ndefu, metroni, na saa za kuona wagonjwa ambazo mlinzi wa geti anazilinda hadi leo. Lakini mama wa mtoto mdogo hakuweza kutolewa. Ananyonyesha, anabeba, anapika, na hakukuwa na wauguzi wa kutosha kuchukua nafasi yake. Akabaki. Huko Mulago, Kampala, walifika mbali zaidi. Mwaka 1965 kilianzishwa kitengo cha Mwanamugimu cha watoto wenye utapiamlo, na mama hakukaa pale kama mgeni. Alijifunza kuchanganya chakula cha mtoto kutokana na vyakula vya shambani kwake, akampikia mwanawe, akamwona akinenepa mikononi mwake, kisha akarudi kijijini na ujuzi huo. Kwangu hii ni kazi kubwa ya kitabibu kuliko majengo mengi yaliyozinduliwa kwa sherehe.

Ila tulimbakiza mama bila kumwandalia mahali. Ulaya ilimfukuza kwa kanuni, kisha ilipomrudisha ikamtengenezea kitanda. Sisi hatukumfukuza, na kwa hiyo hakuna aliyekaa chini akauliza alale wapi. Mama wa wodini ndiye anayeangalia dripu isiishe, anayekimbia kumwita sista mkono unapovimba, anayeshika mtoto kanula inapobadilishwa, anayefua, anayetoka na karatasi kwenda kununua dawa iliyokosekana dirishani. Usiku analala sakafuni. Asubuhi anaambiwa akunje kanga zake atoke, raundi inaanza, na madaktari wanamzungumzia mtoto wake yeye akiwa barazani.

Na bado yupo pale kulea. Mtoto wa miaka mitatu haachi kukua kwa sababu amelazwa. Mwanangu alijifunza rangi kwa vifuniko vya chupa za dawa, na kuhesabu kwa matone ya dripu. Kuna kauli moja ya nyumbani niliyoifuta kabisa: ile ya kumtishia mtoto kwamba daktari atakuja kukuchoma sindano. Na niliwaomba wauguzi wasimwambie kwamba haiumi. Nilimwambia itauma, nitakushika, tutahesabu hadi kumi, itaisha. Alilia kila mara, lakini aliacha kupigana, kwa kuwa nilichomwambia ndicho kilichotokea.

Nani bado ana shaka kwamba kukaa huku ni tiba? Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kuhusu watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito mdogo sana. Kundi moja liliwekwa kifuani kwa mama mara baada ya kuzaliwa, matunzo ya kangaruu yaliyoanza Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970, bila kungoja kwanza mtoto atengemae. Ili hilo liwezekane, kitanda cha mama kiliingizwa ndani ya wodi ya wachanga mahututi. Vifo katika siku 28 za kwanza vilikuwa asilimia 12.0 katika kundi hilo, na asilimia 15.7 katika lile lililongoja kwanza mtoto atengemae. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima wengine.

Kwa hiyo ninaomba, nikiwa mama na mwalimu, kwa wanaochora ramani za hospitali mpya na wanaosimamia zile za zamani. Kila kitanda cha mtoto kihesabiwe na nafasi ya mtu wa kumlea: godoro, choo, maji ya kuoga, sahani ya chakula. Mama asitolewe nje wakati wa raundi. Ndiye aliyekesha, na ana la kusema. Baba naye apewe kibali cha kulala zamu yake, kwa kuwa wapo wanaotaka na wanarudishwa getini. Haya yaandikwe kwenye kanuni za wodi, yasiachwe kwa huruma ya muuguzi wa zamu, na mzazi atakayekatazwa awe na karatasi ya kuonyesha.