Kiingereza na Ngazi ya Kazi Katika Pwani ya Tanga

Tangu kale watu wa pwani walijifunza lugha za wageni kwa ajili ya biashara na dini. Ukoloni ndio ulioifanya lugha ya kigeni kuwa ngazi ya kupandia kazi.

Wadachi walipofungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890, haja yao ilikuwa makarani, wakalimani na walimu. Shule hiyo ilitumia Kiswahili, na mji ukapata gazeti lake, Kiongozi. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, ngazi ilibadilika. Forodhani, relini na katika mashamba ya mkonge, Kiingereza kidogo kilitosha kumtenga kijana na jembe.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliipanda ngazi hiyo, akawa karani wa forodha mwaka 1926. Hakusoma chuo kikuu. Tanganyika haikuwa nacho. Kalamu ya ofisini ilimpa riziki. Kalamu ya Kiswahili ndiyo iliyompa jina.

Waliotafuta elimu ya juu walikwenda Makerere au ng'ambo, hata Dar es Salaam ilipopata chuo chake mwaka 1961. Chuo hicho kilianza na sheria, na masomo ya lugha yakafuata. Leo aliyesomea Kiingereza aweza kuwa mwalimu, mhariri, mwandishi wa habari, mfasiri au mtumishi wa ubalozi.

Hata hivyo, sisi tulioishia sekondari tukaitumikia serikali tumejionea jambo moja. Mzee wa kijijini aletewapo barua ya Kiingereza ihusuyo shamba lake, kwanza hutafuta wa kumsomea. Haki yake yakaa kinywani mwa mwingine. Msomi amfasiriaye kwa uaminifu amelipa deni la elimu. Amdharauye ameligeuza darasa kuwa ukuta.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Makerere na Edinburgh, alituonyesha njia. Alimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar, iliyochapishwa mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alichokipata ugenini alikileta nyumbani.

Basi, vijana, kisomeni Kiingereza kwa bidii, wala msikionee haya Kiswahili. Jahazi huenda ng'ambo ili lirudi na shehena. Lisiporudi, bandari haikufaidi kitu.