Madoa meusi ya mwezi ni lava ya zamani

Mwezi ukiwa mpevu, madoa yake meusi yanaonekana kwa macho tu, mtu akiwa mjini ama kambini. Wataalamu wa zamani wa Ulaya walidhani ni maji, wakayaita bahari. Jina limebaki, lakini bahari hizo hazina maji.

Mashimo ya mwezini nayo yalileta ubishi wa miaka mingi. Wamoja walisema yametokana na volkano, wengine wakasema yamechimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani. Ilibidi kwenda kuokota mawe yenyewe.

Tarehe 20 Julai 1969, Wamarekani Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua katika Bahari ya Utulivu, mwenzao Michael Collins akibaki kuzunguka mwezi. Walirudi na zaidi ya kilo 21 za mawe na udongo. Oktoba mwaka huo huo, wote watatu walifika Kinshasa katika ziara yao ya kuzunguka dunia. Wakati huo wachunguzi walikuwa wamekwisha kutambua kwamba mawe yale meusi ni lava iliyoganda zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Mashimo mengi, kwa upande wake, yalichimbwa na mawe ya angani.

Wakaaji wa Goma wanajua lava ni nini. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu. Watu walikimbia, kisha wakarudi kujenga juu ya mawe hayo. Madini ya lava hizo mbili si sawa, lakini njia ni moja: mwamba uliyeyuka chini, ukapasua ardhi, ukatiririka mabondeni, ukaganda.

Desemba 1972, Harrison Schmitt, mtaalamu wa miamba, alikuta mwezini udongo wa rangi ya machungwa. Ulikuwa chembe za kioo zilizorushwa na moto wa volkano. Safari 6 za watu zilileta jumla ya kilo 382. Mwaka 2020, chombo cha China, Chang'e 5, kilileta lava ya miaka bilioni 2: moto wa mwezini ulidumu kuliko ilivyodhaniwa.

Lava ya mwezini ilitiririka pasipo mtu wa kukimbia. Nyiragongo bado inawaka, na chini yake kuna mji mzima. Elimu hiyo hiyo ya kusoma mawe inawaonyesha wataalamu lava ilipita wapi zamani, na mitaa gani iko njiani.