Partizan: Klabu Inayoanza Upya Kila Mara

Partizan ilizaliwa Belgrade Oktoba 1945, miezi michache baada ya vita kumalizika, ikiwa tawi la chama cha michezo cha jeshi la Yugoslavia. Watani wao wa jadi, Crvena zvezda, walikuwa wamewatangulia kwa miezi saba tu, lakini katika mpira wa kikapu pengo hilo lilichukua miaka thelathini kuzibika. Zvezda walitwaa ubingwa wa nchi mara kumi mfululizo, kuanzia 1946 hadi 1955. Partizan walikuja kuuonja wa kwanza mwaka 1976.

Waliowavusha ni vijana wawili. Dražen Dalipagić alitoka Mostar na alikuwa amechelewa kuanza mchezo huu. Dragan Kićanović alitoka Čačak, mji mdogo ambao utatajwa tena hapa chini. Kama unataka kujua uzito wao, tazama fainali ya 1978 ya Kombe la Korać, mashindano ya klabu za Ulaya, iliyochezwa Banja Luka dhidi ya Bosna ya Sarajevo. Partizan walishinda 117 kwa 110 baada ya dakika za nyongeza. Dalipagić alifunga pointi 48, Kićanović 33. Wakati huo mstari wa pointi tatu ulikuwa bado haujaingia katika michuano ya FIBA, kwa hiyo pointi zote hizo zilitoka kwenye vikapu vya mbili mbili na mitupo huru. Mwaka uliofuata, chini ya kocha Dušan Ivković, walilitetea kombe hilo.

Kisha wawili hao wakaondoka, na timu ikarudi chini. Hapo ndipo ilipoanza tabia ninayoiona katika historia nzima ya klabu hii: hulea kizazi, hufika nacho kileleni, hukipoteza, halafu huanza na watoto wengine. Klabu nyingi zingekufa kwa mwendo huo. Partizan ilipata nguvu humo humo, na naamini sababu kubwa ilikuwa makocha waliothubutu kuwakabidhi vijana mechi ngumu.

Wa kwanza kutajwa ni Duško Vujošević. Mwaka 1986, yeye akiwa kocha, klabu ilimleta Vlade Divac kutoka Kraljevo na Žarko Paspalj kutoka Titograd, ambayo leo ni Podgorica. Aleksandar Đorđević alikuwepo tayari, na Predrag Danilović akafuata kutoka Sarajevo. Ubingwa wa nchi ulikuja 1987, nafasi ya tatu Ulaya 1988, na Kombe la Korać 1989. Kiangazi hicho hicho Divac akaenda Lakers na Paspalj akaenda San Antonio, huko NBA.

Msimu wa 1991-92 unastahili kitabu kizima. Željko Obradović, mwana wa Čačak, alikuwa bado mchezaji, tena kambini na timu ya taifa, alipoombwa kuwa kocha. Alikuwa na miaka 31. Alikubali, akamweka kando yake Mzee Aleksandar Nikolić kama mshauri. Vita vilipowaka Yugoslavia, FIBA iliwakataza kuchezea nyumbani mechi za Ulaya, wakahamia Fuenlabrada, kitongoji cha Madrid, ambako wenyeji waliwapokea kama timu yao. Mechi moja tu waliruhusiwa kuichezea Belgrade, ya robo fainali dhidi ya Knorr Bologna. Na katika kikosi hicho, wakati Waserbia na Wakroatia wakipigana, alibaki Ivo Nakić, mzaliwa wa Rijeka, Kroatia.

Fainali ilikuwa Istanbul, Aprili 16, dhidi ya Joventut ya Badalona. Sekunde chache zikiwa zimebaki, Joventut waliongoza 70 kwa 68. Slaviša Koprivica aliurudisha mpira uwanjani haraka, Đorđević akaupokea, akakimbia nao upande wa kulia na kurusha huku mwili umemlalia upande. Pointi tatu: 71 kwa 70. Partizan wakawa mabingwa wa Ulaya.

Wiki sita baadaye Umoja wa Mataifa uliiwekea Yugoslavia vikwazo, michezo ikiwemo. Bingwa wa Ulaya akazuiwa hata kulitetea taji lake. Đorđević alienda Milano, Danilović Bologna. Obradović naye alihamia Joventut, wale wale aliowaliza Istanbul, na mwaka 1994 akawapa taji la Ulaya. Sioni haki yoyote katika adhabu ile kwa vijana wa miaka ishirini na ushee ambao walikuwa wamecheza karibu msimu mzima wa Ulaya ugenini.

Partizan walifika nusu fainali ya Ulaya tena 1998. Lakini uhai mpya ulikuja Divac na Danilović walipoushika uongozi wa klabu mwaka 2000 na kumrejesha Vujošević mwaka uliofuata. Kuanzia 2002 hadi 2014 hakuna mwingine aliyetwaa ubingwa wa nchi: mara 13 mfululizo. Machi 2009 watazamaji 22,567 walijaa ukumbini Belgrade kuishuhudia mechi dhidi ya Panathinaikos, timu iliyokuwa ikifundishwa na Obradović. Mwaka 2010, kwa bajeti ndogo, waliingia nne bora za Ulaya. Msimu huo huo, katika fainali ya Ligi ya Adriatiki mjini Zagreb, Cibona walipata kikapu cha kuongoza zikiwa zimebaki sehemu sita za kumi za sekunde. Dušan Kecman alirusha kutoka katikati ya uwanja. Uliingia: 75 kwa 74.

Obradović alirudi 2021, akiwa na mataji tisa ya Ulaya. Mwaka 2023 timu yake iliifunga Real Madrid mara mbili huko huko Madrid, kisha ikapoteza robo fainali hiyo ya Ulaya 3 kwa 2 baada ya ugomvi uliowafungia wachezaji muhimu. Mwaka 2025 walibeba Ligi ya Adriatiki na ubingwa wa Serbia.

Kikosi hicho cha 2025 kina la kumvutia msomaji wa huku kwetu. Mlinzi Carlik Jones, Mmarekani, ndiye aliyeiongoza Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris. Frank Ntilikina ni mtoto wa Wanyarwanda. Isaac Bonga, bingwa wa dunia wa 2023 akiwa na Ujerumani, wazazi wake ni Wakongo. Chini ya kikapu alikuwepo Balša Koprivica, mtoto wa yule Slaviša aliyempa Đorđević mpira.

Hata hivyo, nina wasiwasi. Kikosi hicho kilikuwa cha kununuliwa zaidi kuliko kulelewa, na wa kununuliwa huondoka bila kuacha warithi. Novemba 2025 Obradović alijiuzulu baada ya kufungwa vibaya Athens, na mashabiki wakajazana uwanja wa ndege kumsihi abaki. Fedha za kumpata kocha mwingine zilikuwepo. Kinachokosekana ni dakika za kuwapa vijana kama zile alizopewa Bogdan Bogdanović na klabu hii akiwa bado kijana, katika timu iliyokuwa na fedha kidogo kuliko ya sasa.