Je, uzuri una saa yake?

Hebu tuanze na neno. Wagiriki wa kale walikuwa na neno *hora*, yaani msimu au wakati ufaao. Kutokana nalo walipata kivumishi *horaios*: tunda lililoiva kwa wakati wake, na pia kijana aliyefikia umri wa kupendeza. Katika Kigiriki cha leo kivumishi hicho ndicho husema kitu ni kizuri. Sisi nasi hatuko mbali. Msichana wetu huchanua, kisha tunaonya kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Basi wanaoshikilia kwamba uzuri wa mwili una kilele, eti miaka ishirini na kitu halafu mteremko, wanaweza kudhani Wagiriki wako upande wao. Wako, ila nusu tu.

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu balagha cha karne ya 4 K.K., alidai mwili hukomaa kati ya miaka 30 na 35, na akili karibu na miaka 49. (Sisi tuliovuka 60 tunaona hapo alituonea kidogo.) Lakini katika kitabu hicho hicho, anapofafanua uzuri wenyewe, haweki kilele kimoja. Uzuri wa kijana ni mwili unaohimili mbio na kazi za nguvu, unaofurahisha macho. Wa mtu mzima ni mwili unaofaa vita, unaopendeza na kutisha papo hapo. Wa mzee ni mwili unaomudu kazi za lazima bila kero za uzee. Kwake, huwezi kuutaja uzuri bila kuuliza mwili huo unafanya nini.

Wala hayo hayakuwa maneno ya darasani tu. Katika sikukuu ya Panathenaia mjini Athens, wazee waliteuliwa kwa uzuri wao ili wambebee mungu Athena matawi ya mzeituni. Xenophon anamfanya mhusika wake mmoja aitaje desturi hiyo kuthibitisha kwamba kila umri una uzuri wake.

Na wanawake je? Aa, hapo mambo yanabadilika. Hao waliobeba matawi walikuwa wanaume. Hesiod alishauri mwanamume aoe akikaribia 30, naye bibi arusi awe katika mwaka wa tano tu tangu kubaleghe. Plato alimpa mwanamke miaka 20 ya kilele, kuanzia 20 hadi 40. Mwanamume akapewa 30, hadi afike 55. Alichokuwa akipima Plato ni uzazi. Nashuku kwamba wengi wanaotaja umri wa kilele cha uzuri hadi leo wanapima uzazi bila kukiri, na wanampima mwanamke peke yake.

Kabla hatujawacheka Wagiriki, tutazame kamusi zetu. Mwanamke mkongwe ni ajuza, mwanamume mkongwe ni shaibu. Maneno yote mawili tuliyapata kwa Waarabu. Shina la shaibu linahusu mvi. Shina la ajuza linahusu kushindwa, kutoweza. Wamezeeka wote wawili, ila mmoja ametajwa kwa nywele zake, mwenzake kwa kushindwa. Wanafunzi wangu huwauliza hivi: kushindwa nini hasa?