Pishi, Ratili na Sukari ya Damu

Katika masoko ya Dar es Salaam ya zamani mchele ulipimwa kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Karafuu za Unguja na pembe za bara zilipimwa kwa frasila, nayo ilikuwa ratili 35. Vipimo hivyo havikuwa vya nasaba moja, kwa kuwa pishi hupima nafasi na ratili hupima uzito. Pishi ya mchele na pishi ya unga hazikulingana katika mizani, na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyetaka kugeuza pishi kuwa ratili ilimpasa kuuliza kwanza: pishi ya nini? Swali hilo lingali na kazi, hata katika nyumba za Magomeni zenye wagonjwa wa kisukari.

Zamani za utawala wa Waingereza sukari ya mgonjwa ilitazamwa zaidi katika mkojo, kwa dawa ya Benedict: maji ya buluu yalichemshwa na matone ya mkojo, yakageuka kijani, manjano, au mwisho rangi ya tofali. Kipimo hicho kilikuwa cha kukadiria tu, lakini hapana aliyeweza kukosana na mwenziwe juu ya herufi zake. Sukari ya damu yenyewe, ilipopimwa, iliandikwa kwa uzito: miligramu katika mililita 100 za damu.

Mwaka 1971 moli iliingizwa katika vipimo vya kimataifa, na mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukawahimiza waganga kuitumia. Uingereza ilikwisha kuhama. Tanzania, Kenya na Uganda nazo hutumia milimoli katika lita. Marekani na India zimebaki na miligramu.

Moli haipimi uzito, bali huhesabu chembe, kama vile dazeni ihesabuvyo mayai bila kujali ukubwa wake. Moli moja ya glukosi ina uzito wa gramu 180. Kwa hiyo milimoli moja katika lita ni sawa na miligramu 18 katika mililita 100. Saba mara 18 ni 126, nao ndio mpaka ambao sukari ya mtu aliyefunga kula ikiufikia huhesabiwa kuwa kisukari. Lakini 18 ni ya glukosi peke yake. Kolesteroli, ambayo chembe yake ni nzito zaidi, hutaka karibu 38.7. Pishi ya nini?

Hatari yake si ya darasani. Mgonjwa arudiye Magomeni kutoka hospitali ya India na karatasi iliyoandikwa 126, akaona kimashine chake kinasema 7, aweza kudhani amepona, akaacha dawa, ilhali hali yake ni ile ile. Aliyezoea miligramu naye akisoma 9.9 kuwa 99 hujiona mzima, kumbe sukari yake ni 178. Mwaka 2005 wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo juu ya mashine ambazo kipimo chake kiliweza kubadilika bila mwenyewe kujua. Kimashine hutaja kipimo chake kwa herufi ndogo kando ya namba. Namba ikinakiliwa daftarini na herufi hizo zikaachwa, mganga wa pili hana budi kukisia.