Kumite

Kumite ni pambano la wanakarate wawili, la mazoezi au la mashindano. Mitindo ya karate hutofautiana hasa katika jambo moja: pigo lifike wapi.

Katika Shotokan pigo husimamishwa karibu kabisa na mwili wa mpinzani. Mwanzilishi wake, Gichin Funakoshi, aliyeitambulisha karate mjini Tokyo mwaka 1922 akitokea Okinawa, hakuyapenda mapambano huru. Kizazi cha wanafunzi wake ndicho kilichoyasukuma mbele hadi yakawa mashindano.

Kyokushin ya Masutatsu Oyama iliuasi utaratibu huo. Wapiganaji hawavai glovu, na mapigo hutua kwa nguvu zote. Ajabu ni kwamba teke la kichwani linaruhusiwa ilhali ngumi ya usoni ni marufuku. Matokeo yake, wapiganaji husogeleana mno na kutwangana kifuani, kichwa kikiwa wazi kwa namna ambayo bondia yeyote angeiadhibu papo hapo. Kipimo kikali zaidi cha Kyokushin ni kupambana na watu 100 mfululizo.

Mtindo wa Goju-ryu, mbali na kumite, una pia kakie, zoezi la kusukumana mikono bila kuachana.

Karate ilipoingia Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, ilifuata kanuni za pointi: ngumi 1, teke la mwilini 2, la kichwani 3. Katika fainali ya wanaume wa zaidi ya kilo 75, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alimzimisha Sajad Ganjzadeh wa Iran kwa teke, akaondolewa kwa kupiga kupita kiasi. Dhahabu ikaenda kwa aliyezimia.