Lishe isiyo na gluteni kwa vijana wenye siliaki, Kitui na Makueni

Lishe isiyo na gluteni ni ulaji unaoepuka ngano, shayiri na rai pamoja na kila kinachotengenezwa kwa nafaka hizo. Ndiyo tiba iliyothibitishwa ya siliaki, ugonjwa wa kudumu ambapo kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba kila mgonjwa anapokula gluteni, yaani protini iliyomo katika nafaka hizo. Katika kaunti za Kitui na Makueni, mashariki mwa Kenya, chakula cha kila siku karibu chote kinafaa kwa lishe hii. Kijana hushindwa zaidi shuleni na kwenye sherehe, ambako ngano ndiyo chakula cha kukaribishia.

Ugonjwa na utambuzi

Karibu wagonjwa wote wa siliaki wana jeni za HLA-DQ2 au HLA-DQ8, ingawa wengi wenye jeni hizo hawaugui maishani. Gluteni ikiingia, vijinyweleo vya utumbo vinavyofyonza virutubisho hunyauka, na mtoto hula bila mwili kufaidi. Dalili ni kuharisha au kufunga choo, tumbo kujaa, vidonda vya mdomoni, upungufu wa damu usioisha kwa vidonge vya madini ya chuma, kudumaa na kuchelewa kubalehe. Dalili hizi hufanana na za minyoo, amiba na utapiamlo, kwa hiyo ni rahisi mtoto kutibiwa hayo mara kwa mara bila nafuu.

Daktari wa watoto Mholanzi, Willem Dicke, alishuku ngano tangu miaka ya 1930, na akaeleza ushahidi wake katika tasnifu ya mwaka 1950. Kwa muda mrefu siliaki ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa Wazungu. Dhana hiyo ilivunjwa na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999, uliokuta siliaki kwa asilimia 5.6 ya watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi, ilhali wastani wa dunia ni karibu asilimia 1.

Utambuzi huanza kwa kipimo cha damu cha kingamwili za tTG-IgA na mara nyingi hukamilishwa kwa endoskopi, yaani kuchunguza utumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera. Mgonjwa asiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu akiiacha, kipimo kinaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa ilhali anao. Kwa wakazi wa kaunti hizi, pa kuanzia ni hospitali za rufaa za kaunti zilizoko mjini Kitui na Wote.

Chakula cha Ukambani

Kwa kuwa mvua ni haba, wakulima wa kaunti hizi za Ukambani, eneo la Wakamba, hutegemea mazao yanayostahimili ukame: mtama, mawele, wimbi, mahindi, ndengu, kunde na mbaazi. Yote hayana gluteni. Muthokoi, chakula kinachotambulisha Wakamba, hutengenezwa kwa mahindi yaliyonyunyiziwa maji kidogo na kutwangwa kinuni hadi maganda yatoke, kisha yakapepetwa na kupikwa pamoja na mbaazi, kunde au maharagwe. Muthokoi, ugali, viazi vitamu, muhogo, wali, mayai, nyama ya mbuzi na embe za Makueni vinatosha kumlisha kijana vizuri. Ndengu na kunde humpa pia protini, foleti na madini ya chuma, ambayo mwenye siliaki huyahitaji sana.

Nafaka ikishapatikana, ni lazima iwe safi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu ya aflatoksini yaliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kijana anayetegemea mahindi kuliko wenzake anahitaji mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 na kuhifadhiwa mahali pakavu. Ni vyema pia abadilishe, leo mahindi, kesho mtama au mawele.

Ngano iliyojificha

Chapati, mandazi, mkate na sambusa hujulikana wazi. Hatari zaidi ni vyakula ambavyo ngano haionekani. Viazi karai huchovywa katika rojo la unga wa ngano kabla ya kukaangwa, na chipsi zikipikwa katika mafuta hayohayo huchafuka. Soseji nyingi hushikizwa kwa ngano, sosi ya soya hutengenezwa nayo, na baadhi ya vinywaji vya unga vina kimea cha shayiri. Unga wa uji wa mchanganyiko wakati mwingine hutiwa ngano, na kinu cha posho kilichosaga ngano huacha mabaki kwenye unga unaofuata. Njia salama ni kununua nafaka nzima, kuichagua na kuisaga kwenye kinu kisichosaga ngano. Kwa vyakula vya pakiti, kiwango cha kimataifa cha Codex huruhusu maneno “bila gluteni” pale tu gluteni isipozidi miligramu 20 kwa kilo.

Shule, marafiki na kanisa

Ujana ndio wakati lishe hii huvunjwa zaidi. Saa nne kengele ya mapumziko inalia, kantini inauza mandazi na biskuti, na anayekataa huambiwa anajidai au kwamba kidogo tu hakidhuru. Kidogo hudhuru. Baadhi ya vijana hula chapati wasiumwe siku hiyo, huku utumbo ukiendelea kuharibika bila ishara.

Katika shule ya bweni, mzazi apeleke barua ya daktari kwa mwalimu mkuu na azungumze na mpishi ana kwa ana. Githeri, ugali na sukuma wiki tayari vinafaa. Kinachohitajika ni mwiko na sufuria visivyogusa ngano, na kitu cha kuchukua nafasi ya mkate wa asubuhi: viazi vitamu, uji wa mtama au mayai. Bisi, ndizi na njugu safi zikiwa sandukuni, kijana hatatazama wenzake wakila. Rafiki mmoja anayeufahamu ugonjwa humsaidia kuliko hotuba nyingi.

Nyumbani, familia nzima ikila chakula kimoja, kijana hatengwi. Krismasi isiyo na chapati inaweza kuwa na pilau, vibibi vya unga wa mchele na bhajia za unga wa dengu. Kwa Wakatoliki, waraka wa Vatikani wa mwaka 2003 uliruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, na asiyeweza hata hizo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Padre aarifiwe mapema.

Ufuatiliaji

Kipimo cha kingamwili hurudiwa baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Kushuka kwake huonyesha kwamba lishe inafuatwa. Kipimo kikipanda, kijana aulizwe kwa upole alikula nini na wapi, kwa sababu anayekaripiwa hujifunza kuficha. Kadiri anavyokua, afundishwe kusoma maandishi ya pakiti, kuuliza wapishi na kujipikia. Wazazi na walimu wa Kitui na Makueni wasimhurumie kijana huyu kana kwamba amenyimwa chakula. Wampe muthokoi, wamlindie sufuria yake, na wamwamini.